Kiwanda cha haidrojeni na vita vyake na joto: tanuru, tyubu, na moto ukikosa mlaji

Mzee wa Tanuru

Wakuu, salaam.

Kuna uzi wa magari ya haidrojeni humu ambao watu wamebishana kurasa na kurasa kuhusu matangi na bei, ila sikuona aliyeuliza hiyo haidrojeni inapikwaje. Nimeona nifungue uzi wake, kwa sababu ndiyo kazi inayonilisha. Nipo Ghuba, kiwanda cha amonia. Jina la kiwanda naliacha, msiniulize. Amonia ni haidrojeni na naitrojeni, kwa hiyo nusu ya mbele ya kiwanda chetu ni kiwanda cha haidrojeni kamili.

Wapenzi wa kupasua maji kwa umeme mnivumilie, nitawafikia. Haidrojeni nyingi duniani leo, zaidi ya nusu, inatokana na gesi asilia, na mtambo unaoipika tunauita rifoma.

Kwenye karatasi kemia yake ni nyepesi. Methani na mvuke wa maji vinapita kwenye kichocheo cha nikeli, vinatoka kaboni monoksaidi na haidrojeni. Shida ni kwamba mmenyuko huu unakula joto. Kila moli moja ya methani inameza kilojuli 206. Mbele kidogo ile kaboni monoksaidi inakutana tena na mvuke, inatoa haidrojeni nyingine na kurudisha kilojuli 41. Deni linabaki 165 kwa moli nne za haidrojeni, yaani kama megajuli 20 kwa kila kilo. Kilo hiyo yenyewe ukiichoma inakupa megajuli 120.

Anayejali mazingira ashike hesabu hii. Kemia tupu ingetoa kilo 5 na nusu za kaboni dioksaidi kwa kila kilo ya haidrojeni. Viwanda vyenyewe hutoa kilo 9 hadi 10. Tofauti hiyo sehemu kubwa ni moto: gesi inayochomwa ili kulipa deni la joto na kuchemsha mvuke. Ukimsikia mtu anaongelea haidrojeni safi ya gesi bila kugusia tanuru, ujue ameruka sura nzima.

Sasa joto linaingiaje? Chukua chumba kikubwa kilichojengwa kwa matofali ya moto, ndani yake zimening'inizwa tyubu za chuma kwa mistari, mamia. Kila moja ina urefu wa mita 10 hadi 13, tundu lake kama sentimita 10 au 12, ukuta wake sentimita moja na ushei. Ndani zimejazwa kichocheo mpaka juu. Gesi na mvuke vinaingia juu vikiwa nyuzi 500 hadi 600 za sentigredi na kutoka chini nyuzi 850 hivi, presha baa 30 au zaidi (baa moja ni kama presha ya hewa inayotuzunguka). Nje ya tyubu, katikati ya mistari, vichomeo vinapuliza moto. Tanuru letu vichomeo viko darini, mwali unashuka chini. Kuna wengine wanaviweka ukutani kwa safu, na kuna wanaoviweka sakafuni.

Mwali haugusi tyubu na haufai kugusa. Joto linasafiri kwa mnururisho: mwali na moshi unaong'aa vinaangaza, matofali nayo yanaangaza, tyubu inapokea. Mnururisho unapanda kwa kipeo cha nne cha halijoto, kwa hiyo moto ukizidi kidogo, joto linaloingia kwenye chuma linazidi sana.

Kati ya joto lote la vichomeo, karibu nusu tu ndiyo inaingia kwenye tyubu. Nusu nyingine inatoka na moshi ukiwa bado na nyuzi elfu moja hivi. Ukiuachia hewani umefilisika. Ndiyo maana moshi unapitishwa kwenye njia ndefu yenye koili juu ya koili: hii inapasha gesi inayoingia, hii inakausha mvuke, hii inachemsha maji ya boila, ile ya mwisho inapasha hewa ya vichomeo. Ukifika kwenye bomba la nje unakuwa umebaki na nyuzi mia na hamsini hivi, na asilimia 90 ya joto au zaidi imepata kazi mahali fulani.

Maswali karibu. Nipo zamu ya usiku wiki hii, nitajibu nikipata nafasi.

Kichuguu

Nimeweka kiti hapa, kahawa mkononi. Mzee usitukimbie kama wale wa "itaendelea".

BintiMsambaa

Shikamoo mzee. Nipo mwaka wa tatu uhandisi wa kemikali. Darasani tunafundishwa kichocheo kinapunguza nishati ya kuanzishia mmenyuko. Kwa nini basi msitafute kichocheo bora mkafanya kazi nyuzi 500, mkaepukana na mateso ya 850?

Mzee wa Tanuru

Marahaba binti. Swali zuri, na wengi huchanganya hapa. Kichocheo kinaharakisha safari, hakibadilishi mwisho wa safari. Kwa presha ya baa 30, ukiwa nyuzi 500 methani inayokubali kugeuka ni sehemu ndogo, iliyobaki inatoka kama ilivyoingia hata ukiweka kichocheo cha dhahabu. Ukitaka igeuke nyingi lazima upande joto.

Utaniuliza kwa nini tusishushe presha basi, maana moli mbili zinageuka kuwa nne na presha inatuumiza. Ni kweli inatuumiza. Ila gesi unayotaka kuitumia kwa presha kubwa baadaye ni nafuu uibane mwanzoni ikiwa kidogo kuliko mwishoni ikiwa haidrojeni tele. Kompresa inakula pesa kuliko joto.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vinalitaja kwa mstari mmoja. Kichocheo chenyewe hakijachoka. Kile kipande kinafanya kazi kwenye ngozi yake ya nje tu, katikati kimelala. Kinachokwamisha uzalishaji ni joto kupenya: kutoka ukuta wa tyubu, kupita utando mwembamba wa gesi uliogandamana na ukuta, hadi kwenye vipande vya katikati. Ndiyo maana wauzaji wa kichocheo wanashindana kwa umbo. Mara pete, mara kitufe chenye matundu manne, mara chenye mbavu. Wote wanatafuta gesi ivurugike karibu na ukuta ibebe joto, bila kuziba njia.

Sasa angalia kinachotokea kichocheo kikilegea. Sema salfa imepenya. Salfa ndiyo adui wa nikeli, ndiyo maana gesi inapitishwa kwanza kwenye zinki oksaidi ibaki chini ya sehemu 0.1 kwa milioni. Ikipenya, kichocheo cha juu kinakuwa kivivu. Mmenyuko unapungua, kwa hiyo joto linaloliwa linapungua. Vichomeo havijui hilo, vinaendelea kupiga vilevile. Ukuta wa tyubu unapanda. Ukipanda, methani inaanza kuvunjika yenyewe kuwa kaboni na haidrojeni. Kaboni inaziba matundu, gesi inapungua kwenye ile tyubu, na gesi ikipungua joto linaloondolewa linapungua tena. Mduara umejifunga.

Mahali unapoanzia huwa ni kama theluthi moja kutoka juu. Pale ukuta umeshakuwa wa moto ila haidrojeni ndani bado ni kidogo, na haidrojeni ndiyo inayozuia methani isivunjike. Ukichungulia unaona mkanda mwekundu unaong'aa kuliko sehemu nyingine za tyubu. Dawa yake ya kawaida ni kuongeza mvuke, kwa sababu mvuke unaila kaboni. Ndiyo maana tunaendesha na moli 3 za mvuke kwa kila moli ya kaboni, wakati mmenyuko wa rifoma wenyewe unahitaji moja tu. Na kichocheo cha sehemu ya juu kinatiwa potashi kusaidia kazi hiyohiyo.

Fundi Boila

Mimi nimekula chumvi kwenye boila za viwanda vya sukari. Huko tyubu ina maji, ikizidi sana ni nyuzi mia tatu na kitu. Hiyo 850 na baa 30 chuma gani kinastahimili? Na kinakaa muda gani?

Mzee wa Tanuru

Fundi, karibu, wewe ndiye tutaelewana. Chuma chetu ni aloi ya kromiamu asilimia 25 na nikeli 35, imetiwa niobiamu kidogo. Haivutwi kama bomba la kawaida. Inamiminwa ikiwa uji ndani ya kalibu inayozunguka kwa kasi. Na bado haistahimili kwa maana unayoijua wewe. Kwa joto hilo na presha hiyo chuma kinajivuta taratibu kila saa, hata kama kila kitu kiko sawa. Tyubu inavimba polepole, mwisho inapasuka kwa urefu. Mtengenezaji anaipigia hesabu ya saa 100,000, yaani miaka 11 na ushei. Kanuni ya mkononi inayotumika kwenye viwanda hivi ni kwamba ukuta ukiendeshwa nyuzi 20 juu ya kiwango chake, umri unakatika nusu.

Nyuzi 20 kwenye 900, Fundi. Jicho halioni tofauti hiyo. Na kuzipima nako ni mtihani.

Mtu wa paneli ndani ya chumba cha udhibiti anaona halijoto ya gesi inayotoka, kwenye bomba kuu chini. Hiyo ni wastani wa tyubu nyingi zilizochanganyika. Tyubu moja inaweza kuwa inaungua na namba kwenye kioo ikabaki imetulia. Kwa hiyo kila zamu mtu anapanda na pairomita, yaani kipimajoto kinachosoma mwanga wa kitu ukiwa mbali, anazunguka kidirisha kwa kidirisha. Unasimama ubavuni mwa kidirisha, si mbele yake, unakifungua kidogo na kusubiri. Tanuru linaendeshwa kwa mvuto hafifu wa kunyonya ndani, lakini feni ikiyumba presha inageuka na moto unatoka pale ulipotaka kuweka uso. Ukishaona hewa inavuta kwenda ndani ndipo unasogea. Joto linakupiga kifuani hata ukiwa na koti la kuzuia moto, na kiangazi cha huku, nje ni 45, hakuna anayekaa pale kupiga soga.

Unachokiona ni chungwa tupu. Tyubu nzuri zina weusi kidogo ukizilinganisha na matofali yaliyo nyuma yake, kwa sababu zinakula joto. Ile inayofanana rangi na ukuta ndiyo ya kutilia shaka.

Pairomita nayo inadanganya. Inasoma mwanga wa tyubu pamoja na mwanga wa matofali uliodunda juu ya tyubu, kwa hiyo inasoma juu kuliko ukweli. Lazima upime na ukuta wa nyuma, upige hesabu ya kuuondoa. Wanaotaka uhakika wanatumia mkuki mrefu unaopozwa kwa maji, mbele una kikombe kilichopakwa dhahabu. Kikombe kinabanwa kwenye tyubu, kinazuia mwanga wa pembeni, unapata namba ya tyubu peke yake. Ni kazi ya watu wawili na jasho jingi.

Mhandisi wa Bandari

Mzee heshima yako, lakini hapa naona unasifia kazi ya zamani. Siku hizi kuna kamera za infraredi zinazokaa ndani ya ukuta wa tanuru masaa 24, zinakuchorea ramani ya tyubu zote kwenye skrini. Kumpandisha kijana na bunduki ya pairomita kwenye nyuzi 45 ni kumtesa.

Mzee wa Tanuru

Mhandisi, kamera nazijua na nazipenda. Zinaona mabadiliko ya usiku ambayo mtu wa zamu asingeyaona mpaka asubuhi. Ila tatizo la mwanga uliodunda linaihusu kamera pia, kwa hiyo bado unahitaji mtu aende na kikombe cha dhahabu kuisahihisha. Halafu kamera inaangalia inapoangalia. Haisikii kichomeo kinachokoroma, haioni mwali ulioinama ukailamba tyubu ya pembeni kwa sababu kigae cha kichomeo kimevunjika. Mtu anayezunguka anaviona hivi vyote kwa dakika chache. Weka kamera, usimwondoe mtu.

Mhandisi wa Bandari

Hapo kwenye kigae nakupa. Hapo kwingine tutabishana tukikutana.

Mzee wa Tanuru

Haya wakuu, nije kwenye sehemu niliyofungulia uzi huu.

Watu wa nje wanadhani hatari ya rifoma ni moto mkali. Moto mkali ni kawaida yetu. Hatari ni moto ambao mlaji wake ameondoka. Sufuria jikoni haiungui maji yakiwemo, hata jiko liwe kali namna gani. Maji yakikauka ndipo unasikia harufu. Kwetu mlaji ni mmenyuko. Methani na mvuke vinapopita, vinameza joto kwa kasi ileile tyubu inavyolipokea. Vikisimama, joto lote linabaki kwenye chuma.

Kwa hiyo mfumo wa kulinda tanuru umepangwa hivi: mtiririko wa gesi ukishuka chini ya kiwango, kinachotripu, yaani kinachojikata chenyewe, mara moja ni gesi ya vichomeo. Huanzi kwa kuuliza kwa nini. Mvuke unaachwa upite, kwa sababu matofali yana joto lililohifadhiwa na yataendelea kuangaza tyubu hata moto ukizimwa. Ukipoteza mvuke na vichomeo vikaendelea, unazungumzia dakika, si saa, kabla tyubu hazijaanza kupasuka.

Ajabu ni kwamba tyubu nyingi zilizokufa kwa mkupuo mmoja duniani hazikufa siku ya uzalishaji mkubwa. Zilikufa wakati wa kuwasha. Visa hivyo vimejadiliwa sana kwenye mikutano ya AIChE, chama cha wahandisi wa kemikali cha Marekani, ya usalama wa viwanda vya amonia, na vinafanana kama mapacha. Unapowasha, ndani ya tyubu kuna naitrojeni, baadaye mvuke. Hakuna methani, hakuna mmenyuko, hakuna mlaji. Mtiririko ni mdogo. Kile kipima joto cha bomba la kutokea kiko mbali na moto, na gesi kidogo inayopita inapoa kabla ya kukifikia. Kwa hiyo kioo kinaonyesha halijoto ya chini wakati tyubu zimeshakuwa nyekundu. Mtu wa paneli anaona namba haipandi. Bosi anauliza mbona mnachelewa. Anaagiza vichomeo vingine viwashwe. Namba bado haipandi, viwashwe vingine.

Aliye juu kwenye vidirisha angeona kwa jicho tupu kwamba hapa hapana usalama. Tatizo wakati wa kuwasha watu wote wako bize na vali na pampu, hakuna aliyetumwa kuchungulia. Kwetu sasa ni sharti: wakati wa kuwasha kuna mtu ambaye kazi yake ni kuchungulia tu, ana redio, na akisema "zima" inazimwa bila mjadala. Idadi ya vichomeo vinavyoruhusiwa kwa kila hatua imeandikwa kwenye karatasi. Namba ya kioo haina ruhusa ya kuongeza kichomeo hata kimoja.

Kichuguu

Daah. Hapo kwa bosi anayeuliza mbona mnachelewa nimecheka kwa uchungu, ofisi zote ni moja.

Mzee, swali la kizalendo. Sisi tuna gesi Songo Songo na Mnazi Bay. Kwa nini hatuna hiki kitu? Wa zamani watakumbuka mradi wa KILAMCO wa Kilwa.

Mzee wa Tanuru

KILAMCO naikumbuka, amonia ya gesi ya Songo Songo, ikaishia kwenye makaratasi. Siasa yake siiwezi, fungua uzi mwingine nitakuja kama msomaji. Kwa upande wangu wa ufundi nitasema hivi tu: rifoma haipendi gesi ya kuja na kuondoka. Kila kuwasha na kuzima kunaila tyubu. Ukijenga, uwe na gesi ya uhakika mwaka mzima.

Pwani254

Salamu kutoka Kenya. Nimesoma mpaka hapa nikajiuliza: sisi tuko na mvuke wa ardhini Olkaria. Si mnaweza kutumia huo joto badala ya kuchoma gesi?

Mzee wa Tanuru

Ndugu, joto lina wingi na lina daraja. Visima vya Olkaria vinafika nyuzi 300 na zaidi kule chini, ni joto tele, lakini huwezi kulipandisha mlima likapike kitu cha 850. Kwa rifoma halifai, labda kuchemsha maji tu.

Ila kwa njia nyingine umegusa penyewe. Kuna mitambo ya kupasua mvuke kwa umeme, inafanya kazi kwenye nyuzi 700 hadi 850 kwa seli za kauri. Hiyo ukiipa mvuke uliokwisha kuchemshwa na chanzo kingine, umeme hauhitajiki tena kwa kazi ya kuchemsha maji, na unashuka hadi chini ya kilowati-saa 40 kwa kilo ya haidrojeni. Mvuke wenyewe hauhitaji kuwa mkali, nyuzi 150 zinatosha. Kupanda kutoka hapo hadi 800 kunafanywa na gesi zinazotoka kuipasha inayoingia. Umeme wa jotoardhi pamoja na mvuke wa jotoardhi mahali pamoja, huo ndio mseto unaoingia akilini. Tatizo la huko ni kauri: inachukia kupashwa na kupozwa kwa haraka, inapasuka. Kwa hiyo hata wao wana vita vyao na joto, vya silaha tofauti.

BintiMsambaa

Na ile mitambo ya kawaida ya kupasua maji, ya nyuzi 60 hadi 80? Ile si haina shida ya joto?

Mzee wa Tanuru

Inayo, kinyume na yetu: inatafuta pa kulitupa. Kimahesabu kilo ya haidrojeni inahitaji kilowati-saa 39 na ushei. Mitambo halisi inatumia 50 hadi 55. Zinazozidi zinageuka joto la nyuzi 70, joto la kuogea, halina mnunuzi jangwani. Chukua mradi wa NEOM kule Saudia, umepangwa kutoa tani 600 za haidrojeni kwa siku. Piga kilowati-saa 12 kwa kila kilo, unapata kama megawati 300 za joto la kuondoa mfululizo, usiku na mchana, kwenye nchi ambayo hewa yenyewe kiangazi ni 45. Hapo ndipo minara ya kupoza na maji yake vinapoanza kuingia kwenye bei.

BintiMsambaa

Asante mzee. La mwisho kwa leo: zile kilojuli 41 zinazorudishwa mbele mnazifanyia nini? Na gesi ya 850 inapozwaje?

Mzee wa Tanuru

Hapa mambo yanageuka kichwa chini. Rifoma inataka joto jingi iwezekanavyo. Hatua inayofuata, tunayoiita shifti, inataka joto kidogo iwezekanavyo, kwa sababu inatoa joto na joto linaizuia. Kwa hiyo unatoka 850 unashuka mpaka 350 kwa mpigo mmoja ndani ya boila. Gesi ndani ya tyubu, maji nje, mvuke unatoka kwa presha kubwa na kwenda kuzungusha kompresa. Mvuke huo ndio umeme wa kiwanda, kwa kweli.

Boila hiyo nayo ina tabia yake. Chuma kikikaa kwenye gesi hii kikiwa kati ya nyuzi 450 na 800, kaboni monoksaidi inajimega kaboni juu yake, inapenya ndani, na chuma kinageuka unga. Unga kweli, unaufuta kwa kidole. Dawa ni kuhakikisha hakuna chuma kinachokaa kwenye daraja hilo: ama kimefunikwa na kauri, ama kina maji ya kutosha upande wa pili kukishusha hadi chini ya 400. Fundi Boila ataelewa kwa nini tunapiga kelele kuhusu usafi wa maji. Magamba kidogo tu upande wa maji, ukuta unapanda na kuingia kwenye daraja la unga.

Baada ya hapo kuna shifti ya kwanza, kichocheo cha chuma na kromiamu, inaingia 350 inatoka mia nne na kitu. Unaipoza tena, unaingia shifti ya pili ya shaba kwenye 200. Hii ya shaba ni laini kama mtoto mchanga. Juu ya 250 hivi chembe za shaba zinaanza kushikana na kichocheo kinazeeka. Chini sana, mvuke unageuka maji na kukilowesha. Unatembea kwenye kichochoro chembamba.

Kazi ngumu kuliko zote ni siku ya kukiamsha kikiwa kipya. Kinakuja kiwandani kikiwa oksaidi, lazima kichukuliwe oksijeni yake kwa haidrojeni, na tendo hilo linatoa joto jingi. Tunazungusha naitrojeni tupu, tunachanganya haidrojeni asilimia moja hivi, tunakaa tunaangalia wimbi la joto likishuka ndani ya kitanda: kipima joto cha juu kinapanda, kinatulia, cha chini yake kinapanda. Kinachukua siku nzima au zaidi. Mwenye haraka akifungua vali ya haidrojeni kidogo zaidi anaunguza kichocheo cha pesa nyingi kabla hakijafanya kazi hata saa moja.

Mhandisi wa Bandari

Niongezee moja. Wadenmark wa kampuni ya Topsoe na chuo kikuu cha DTU walichapisha kwenye jarida la Science mwaka 2019 rifoma isiyo na moto: umeme unapitishwa kwenye ukuta wa tyubu yenyewe, chuma kinapata joto kwa ukinzani wake. Hakuna tanuru, hakuna moshi. Mzee unaionaje?

Mzee wa Tanuru

Naipenda kwa sababu moja: joto linazaliwa ndani ya ukuta, karibu na kichocheo, si kutoka mbali kwa mnururisho. Ile nusu inayotoka na moshi haipo. Na mtambo unakuwa mdogo sana ukilinganisha na jumba letu la matofali. Kitu cha pili, ukikata umeme hakuna matofali ya kuendelea kuangaza, kwa hiyo siku ya kutripu ni afadhali.

Ila swali la mlaji halijaondoka. Kichocheo kikilegea sehemu moja, umeme utaendelea kumwaga joto palepale. Na kaboni dioksaidi ya kemia, zile kilo 5 na nusu, bado ipo. Umeme wenyewe ukitoka kwenye gesi, umezunguka tu.

Fundi Boila

Mzee nijibu hili nikalale. Tyubu moja ikitoboka katikati ya uzalishaji, mnazima kiwanda kizima?

Mzee wa Tanuru

Mara nyingi hapana. Kila tyubu inaingia na kutoka kwa kibomba chembamba kilichopindwa, tunakiita mkia wa nguruwe. Kimepindwa kwa makusudi kwa sababu tyubu ya mita 12 ikipata moto inarefuka sentimita 15 hadi 20, lazima kitu kikunjamane. Tyubu ikitoboka, unaona mwali wa ziada unachomoza ubavuni mwake. Basi wanakuja mafundi na koleo la haidroliki, wanaubana mkia wa juu na wa chini ukiwa bado na presha na moto, mpaka unafungika bapa. Tyubu imetengwa, kiwanda kinaendelea.

Fundi Boila

Mnabana ikiwa hai?

Mzee wa Tanuru

Ikiwa hai. Koleo linaendeshwa kwa mpini mrefu, mtu anasimama mbali na nyuma ya ngao, zimamoto wamekaa tayari. Na si kila mkia unabanika: ukizeeka unakuwa mkavu, ukiubana unakatika, na hapo umejiongezea moto wa pili. Kwa hiyo mikia inakaguliwa kila kiwanda kinaposimama kwa matengenezo, ili ijulikane mapema ipi inakubali koleo na ipi ikitokea shida ni kuzima tu.

Fundi Boila

Na vichomeo vya jirani yake?

Mzee wa Tanuru

Tunavipunguza, hatuvizimi. Ukizima kabisa, mwali wa vichomeo vya pembeni unavutwa kuja kwenye nafasi tupu na kuanza kulamba tyubu zisizotoboka za mstari huo. Tunapunguza kidogo kidogo, mtu anapanda na pairomita kupima tyubu za jirani kila baada ya muda, mpaka namba zitulie.